Ni nani aliyeziita mboga zetu magugu?

Leo nataka tuongee mboga. Najua, najua. Watu wanabishana siasa kutwa kucha halafu mimi nawaletea managu na mchicha. Nivumilieni kidogo, maana jambo lenyewe haliishii kwenye sufuria. Ni jambo la shule, la vyuo vikuu, na la nani hasa aliyepewa mamlaka ya kukwambia kwamba kitu unachokula tangu utotoni hakina thamani.

Kama ulisoma kilimo sekondari hapa Kenya katika mfumo wa 8-4-4, bila shaka unaikumbuka ile mada ya magugu. Tulikariri majina ya Kilatini kama kasuku. Bidens pilosa. Tagetes minuta. Na katikati ya orodha hiyohiyo, wametulia zao, walikuwemo Amaranthus na Solanum nigrum. Yaani mchicha na mnavu! Terere na managu kwa Mkikuyu, ododo na osuga kwa Mjaluo, rinagu kwa Mkisii. Mwanafunzi anaeleza kwenye mtihani namna ya kuyaangamiza, kwa jembe au kwa dawa, anapewa alama zake, jioni anarudi nyumbani na kwenye sahani kuna nini? Ugali kwa managu. Asubuhi gugu, jioni mboga.

Hebu tusimame kwanza kwenye hilo neno gugu. Mpe mtaalamu wa mimea darubini na umwambie akuonyeshe gugu ni lipi. Hawezi. Hakuna seli ya gugu wala mzizi wa gugu. Gugu ni mmea wowote ulioota mahali ambapo mwenye shamba hautaki. Hata hindi likichipuka peke yake katikati ya vitunguu, siku hiyo ni gugu. Kwa hiyo hii ni hukumu ya mtu juu ya mmea, wala si sifa ya mmea kama rangi ya ua au umbo la jani. Lakini sisi tulifundishwa kana kwamba ni sifa ya mmea. Hukumu ya mtu fulani, katika shamba fulani, ikaingia kitabuni, kitabu kikaingia kwenye mtihani, na mtihani, kama tunavyojua katika nchi hii, ndio neno la mwisho. Mnavu nao ukabebeshwa mzigo wa ziada: Ulaya kuna mmea wa ukoo mmoja nao, Atropa belladonna, wenye sumu kali, na majina ya mimea hii miwili kwa Kiingereza yanakaribiana mno. Basi mnavu wetu ukashtakiwa kwa kosa la binamu yake.

Nimeanza huko mbali kwa sababu nataka kumzungumzia mtu mmoja ambaye hakukubali hukumu hiyo ipite bila swali, naye akautumia muda wote wa kazi yake ya utafiti, zaidi ya miaka 30 sasa, kulijibu swali hilo. Ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja.

Abukutsa alizaliwa mwaka 1959 na kukulia magharibi mwa Kenya. Amesimulia katika mahojiano kadhaa kwamba utotoni mwili wake ulikataa vyakula vitokanavyo na wanyama, maziwa na mayai yakiwemo, kwa hiyo akakuzwa kwa mboga. Na kwao mboga haikuwa kabichi. Ilikuwa mnavu, mgagani, kunde, mlenda, majani ya maboga, na mito, ile yenye uchungu ambayo ukiizoea huwezi kuiacha. Halafu akaenda Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kilimo, na huko akakuta kwamba chakula kilichomlea hakimo kwenye masomo. Palipokuwa na mboga, ilikuwa kabichi na jamaa zake waliotoka ng'ambo. Zile nyingine? Magugu.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tungenyamaza. Si kwa woga, kwa mazoea tu. Ukifika chuo kikuu unajifunza haraka sana kipi ni elimu na kipi ni mambo ya bibi kijijini, na unajifunza pia kuvitenganisha ili usichekwe. Yeye aliendelea na shahada ya pili, akaenda Uingereza na kupata udaktari wake katika chuo cha Wye, Chuo Kikuu cha London, mwaka 1995. Angeweza kabisa kurudi na kuwa mtaalamu wa mboga za kuuza Ulaya, biashara ambayo Kenya imeifanya kwa bidii kwelikweli. Badala yake alikuwa ameshaanza, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 akifundisha Maseno, kuzifanyia utafiti mboga za kienyeji. Miaka hiyo jambo hilo halikumpa mtu sifa. Mnaojua mambo ya vyuo mtanielewa: ukitaka fedha za utafiti unaandika jambo ambalo mtoa fedha ameshalisikia.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuuliza watu. Nani analima nini, anaiitaje, anaipika vipi, mbegu anaipata wapi, kwa nini ameacha. Waliokuwa na majibu ni wanawake wa vijijini, wengi wao wazee, na hili nataka tuliseme wazi maana huwa linapita haraka kwenye hotuba: bila vibuyu na matambara waliyohifadhia mbegu, kusingekuwa na cha kutafiti. Wakati huohuo Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Taifa ya Kenya walikuwa wakifanya kazi iliyo jirani na hiyo, ya kuorodhesha mimea ya asili inayoliwa nchini, na mwaka 1999 wakachapisha kitabu kizima juu yake. Mimea inayoliwa majani yake Kenya inapita spishi 200. Mia mbili! Mimi nawe tunajua ngapi? Sukuma wiki, kabichi, spinachi, na tukijitahidi terere.

Tatizo kubwa ambalo wakulima walilitaja lilikuwa mbegu, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo panapopendeza. Mkulima anapanda mgagani, hauoti. Anapanda tena, unaota nusu. Anasema mboga hii ni ya porini, haitaki kulimwa, anaiacha. Kumbe mbegu ya mgagani ina tabia yake. Ikivunwa leo inakuwa imelala. Ukiipanda kesho utapata mche mmoja mmoja. Ihifadhi pakavu kwa miezi kadhaa, usingizi unaisha, inaota. Tena inapenda joto, na inaota vizuri zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Mlenda una shida tofauti: ganda la mbegu ni gumu, maji hayapenyi, na dawa yake ni kuitumbukiza mbegu kwenye maji ya moto kwa muda mfupi. Mbegu ya mnavu imo ndani ya tunda lenye utelezi, nayo inabidi iachwe ichachuke kidogo na kuoshwa vizuri kabla ya kuanikwa. Mbegu ya mchicha ni ndogo kiasi kwamba gramu moja inabeba mbegu elfu moja na zaidi, ndiyo maana anayejua anaichanganya na mchanga kabla ya kumwaga, la sivyo miche inasongamana na kudumaa.

Kila moja ya tabia hizo ni somo zima la biolojia. Usingizi wa mbegu, vimeng'enya, upenyaji wa maji, joto. Lakini kwenye darasa letu mbegu ilikuwa moja tu: haragwe kwenye pamba yenye maji. Haragwe linaota bila shida, kwa hiyo hatukujifunza kwamba mbegu inaweza kukataa, na kwamba kukataa kwake kuna sababu inayoweza kuchunguzwa. Mkulima aliyeshindwa na mgagani alikuwa na swali zuri la kisayansi kuliko sisi tuliokuwa na maabara.

Ndiyo maana Abukutsa na wenzake hawakuishia kuandika ripoti. Walikusanya mbegu, wakazichambua, wakazizalisha, wakafundisha vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu bora wenyewe, namna ya kuchagua mashina ya kuachia mbegu, lini kuvuna, namna ya kukausha na kuhifadhi. Katika maandishi yake ameonyesha pengo lililokuwepo: mashambani mkulima alikuwa anapata takriban tani 1 hadi 3 kwa hekta za mboga kama mnavu na mgagani, wakati mimea hiyo ikitunzwa vizuri ina uwezo wa kufikia tani 20 hadi 40. Pengo kama hilo haliletwi na uvivu wa mkulima. Linaletwa na miongo mingi ya vituo vya utafiti kushughulika na mazao mengine. Kabichi ilipewa wataalamu, mgagani ukaachiwa mvua. Halafu tukailinganisha mavuno na kusema ya kienyeji hailipi.

Na baadhi ya maarifa yaliyohitajika hayakuwa ya gharama hata kidogo. Mgagani ukianza kutoa maua, nguvu inakwenda kwenye maua na mbegu, majani yanapungua. Yakate maua mapema, mmea unarudi kutoa majani kwa wiki kadhaa zaidi. Basi. Hakuna mashine hapo. Kuna mtu aliyeona jambo linastahili kupimwa.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi kuliko yote. Unakumbuka usanisinuru? Tulichora mshale wa jua, mshale wa maji, mshale wa hewa ya ukaa, tukamaliza. Kwa mimea mingi hadithi ndiyo hiyo. Lakini jua likiwa kali na mmea ukifunga matundu ya majani ili usipoteze maji, kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa, kiitwacho Rubisco, kinaanza kukosea na kukamata oksijeni, na mmea unapata hasara. Sukuma wiki ina shida hiyo. Kabichi pia. Mchicha na mgagani hazina, au tuseme zinayo kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu zinatumia njia ambayo wanasayansi wanaiita C4: hewa ya ukaa inakamatwa kwanza na kimeng'enya kingine, inapelekwa ndani zaidi kwenye seli zilizozunguka mishipa ya jani, na huko Rubisco inaikuta imejaa tele, haina nafasi ya kukosea. Matokeo yake mmea unakua haraka kwenye joto na unatumia maji kidogo kwa kila gramu ya jani. Mahindi na mtama hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo lile "gugu" lililokuwa limeota nyuma ya darasa letu lilikuwa linafanya kazi ya ustadi mkubwa kuliko mmea uliochorwa ubaoni.

Na wenzetu waliliona. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliandika makala katika jarida la sayansi ya mimea wakiupendekeza mgagani, mgagani huuhuu, kuwa mmea wa mfano wa kuchunguzia C4, kwa kuwa una undugu wa karibu na ule mmea mdogo, Arabidopsis, ambao maabara za dunia nzima zinautumia. Mojawapo ya ndoto nyuma ya utafiti wa namna hiyo ni kuupa mpunga uwezo wa C4. Sasa niambie: chinsaga ya Kisii inakaa kwenye chumba maalumu cha kukuzia mimea Cambridge, inapimwa jeni zake moja moja, na mtoto wa Kisii mwenyewe anaambiwa shuleni aing'oe. Sina ugomvi na Cambridge, wamefanya kazi yao. Ugomvi wangu uko hapa nyumbani.

Kwa upande wa lishe sitakaa sana kwa sababu ndio upande unaoandikwa kila siku: vitamini A, madini ya chuma, kalisi na kadhalika, kwa viwango ambavyo kabichi haivikaribii. Niongeze neno moja tu la tahadhari, kwa sababu kuna watu wakisikia "asili" wanadhani basi kila kitu cha asili ni dawa. Mchicha una asidi inayoishika kalisi na kupunguza kiasi ambacho mwili unakipata. Matunda mabichi ya mnavu yana sumu. Desturi za kupika kwa muda mrefu, kuweka maziwa, au kutumia ile magadi ya majivu ya maganda ya maharagwe, zinahitaji kupimwa moja moja: ipi inaongeza faida, ipi inaua vitamini. Huko si kumdharau bibi. Kumdharau ni kukataa kupima alichokuwa anafanya.

Heshima zilikuja baadaye. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo yake ya kisayansi kwa wanawake, na mwaka 2014 akapewa Nishani ya Edinburgh huko Scotland, ambayo mwaka uliotangulia walikuwa wameipata Peter Higgs na kituo cha CERN. Pale Juja aliwahi kuwa naibu wa makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia utafiti. Sisi waandishi wa habari tukafanya tunachofanya siku zote: "Mkenya ang'ara ughaibuni", picha ya nishani, aya sita, kwisha. Siku hizi kuna mtindo mwingine wa kuziita mboga hizi chakula cha ajabu, mboga za miujiza, na bei inapanda kwenye maduka makubwa. Mimi sioni muujiza wowote. Naona mtu aliyehesabu mbegu zilizoota kwenye sahani, mwaka baada ya mwaka, na akaenda shambani kuwaambia wenye mbegu alichokiona.

Hilo la kwenda kuwaambia ndilo ninaloliona kuwa nusu ya pili ya kazi yake, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ngumu. Marekani, mwaka 1999, walimu wawili wa elimu ya biolojia, James Wandersee na Elisabeth Schussler, walitoa jina kwa ugonjwa waliouona kwa wanafunzi wao: upofu wa mimea. Mtu anapita kwenye msitu na kukumbuka nyani mmoja aliyemwona. Miti elfu iliyomzunguka ni pazia tu. Wao walieleza kwamba sehemu ya upofu huo inatokana na jinsi macho na akili zinavyofanya kazi, na sehemu inatokana na jinsi tunavyofundishwa. Kwetu nadhani kuna aina ya tatu. Sisi tunaiona mimea vizuri sana, tunaijua kwa majina matano ya lugha tano, halafu shule inatufundisha kuacha kuiona. Tunaingia darasa la kwanza tukiwa na macho, tunatoka kidato cha nne tukiwa na orodha.

Kuna rafiki yangu mmoja, mhandisi wa kompyuta, tulipobishana jambo hili aliniambia kwamba dunia inakimbilia akili bandia na mimi nataka watoto wasome mchicha. Nilimjibu, na narudia hapa: hakuna anayesema tuache moja tushike jingine. Mtoto aliyejifunza kuuliza kwa nini mgagani hauoti, akapanga sahani tatu, moja gizani, moja kwenye mwanga, moja kwa mbegu ya mwaka jana, akahesabu, akaandika, ameshajifunza kubuni jaribio. Atakwenda nalo popote, hata kwenye kompyuta. Aliyekariri orodha ya magugu anakwenda nayo wapi?

Tatizo jingine ni lugha na njia za kupandishia vyeo. Mhadhiri wa Kenya anapandishwa daraja kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida, kwa Kiingereza, ambayo mkulima wa Vihiga hatayasoma na mwalimu wa sekondari ya kutwa hana njia ya kuyapata. Siku alizokaa na kikundi cha akina mama akiwaonyesha namna ya kuosha mbegu ya mnavu hazihesabiwi sana. Kwa hiyo mfumo unamwambia mtafiti, bila kumtamkia: andika, usihangaike kufundisha walio nje ya chuo. Ni ajabu kwamba tunapata akina Abukutsa wachache. Ajabu zaidi ni kwamba tunawapata kabisa. Kule Arusha kituo cha utafiti wa mboga cha World Vegetable Center kilifanya jambo dogo lililonifurahisha: aina za mnavu zilizochaguliwa huko zinaitwa Nduruma na Olevolosi, majina ya sehemu za hukohuko. Mkulima akisikia anajua kinazungumzwa kitu cha kwao.

Halafu kuna sheria, jamani. Wakati wataalamu wanawafundisha wakulima kuzalisha mbegu za mboga za asili, marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalifanya kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, lenye adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi milioni 1. Tafakari hilo kidogo. Bibi anampa mkaza mwanawe mbegu za tsisaka kwenye kitambaa, kwa maandishi ya sheria hiyo wote wawili ni watuhumiwa. Ilibidi wakulima 15 waende mahakamani mwaka 2022, na ni Novemba 2025 tu ambapo Mahakama Kuu pale Machakos ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Miaka 13. Naelewa hoja ya waliotaka sheria hiyo, kwamba mkulima alindwe na mbegu feki, na feki zipo kweli, wengi wameshalia. Lakini angalia nani aliyedhaniwa kuwa mhalifu. Fikra iliyoandika sheria hiyo na fikra iliyoandika orodha ya magugu zilisoma shule moja: mbegu halali ni ile iliyotoka kwenye pakiti.

Sasa 8-4-4 inaondoka. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, sekondari ya juu, na wanaochagua mkondo wa sayansi ndio hao wataalamu wa miaka ya 2030. Vitabu vipya vinaandikwa na vingine vitarekebishwa. Mazungumzo ninayoyasikia ni ya madarasa, karo, na shule gani ina maabara na ipi haina. Yote ni ya haki. Lakini sijasikia mtu akiuliza ni mmea gani utakaowekwa chini ya darubini hiyo ikishapatikana.

Mimi nina pendekezo langu, nalo halihitaji mkopo wa nje. Mwalimu anunue fungu la sukuma na fungu la terere kwa mama mboga aliye karibu na lango la shule. Wanafunzi wakate vipande vyembamba kabisa vya majani yote mawili kwa wembe, waviweke kwenye kioo na tone la maji, wavitazame kimoja baada ya kingine. Kwenye terere wataona kuzunguka kila mshipa duara la seli kubwa za kijani, limejipanga kama shanga. Kwenye sukuma hawataliona. Awaache wabishane kwa nini, kabla ya kufungua kitabu. Na kipindi kikiisha, mmoja wao apelekwe kumuuliza mama mboga mbegu ya terere lake aliitoa wapi.